Sikio Lililolala na Njaa

MTOTO akizaliwa kwetu Pwani, jambo la kwanza afanyiwalo, kabla hajapewa jina wala kunyolewa nywele, ni kuadhiniwa katika sikio la kulia na kukimiwa katika sikio la kushoto. Na mtu akifa, akishalazwa katika mwanandani na kufukiwa, wengi wetu huketi penye kaburi lake tukamsomea talakini, ili asikie na akumbuke majibu ya yale atakayoulizwa. Ukitazama vyema, ndugu msomaji, utaona kuwa maisha ya Mwislamu hufunguliwa kwa sikio na hufungwa kwa sikio. Jicho la mtoto mchanga bado haliwezi kupambanua sura ya baba yake, na jicho la maiti limekwisha kufumbwa. Sikio ndilo lipewalo amana mwanzo na mwisho.

Hata katika Msahafu, aghlabu ya mahali ambapo Mwenyezi Mungu atukumbusha neema ya viungo alivyotupa, kusikia hutangulia kuona. Afunuaye Surat An-Nahl aya ya 78, au Surat Al-Mulk aya ya 23, atakuta mpango ni huo huo: masikio, kisha macho, kisha nyoyo. Maulamaa wamelizungumza jambo hili kwa marefu na mapana, nami si mwanachuoni wa kuwaongezea neno. Nalitaja kwa sababu mwaka huu nimekutana na maandishi mengine yaliyoupindua mpango huo juu chini. Maandishi yenyewe ni mkataba wa bima ya matibabu. Humo macho yana fungu lake, meno yana fungu lake, na masikio hayana kitu.

Kusikia si kufahamu

Mimi ni mtu wa miaka hamsini na kitu, na riziki yangu yatoka katika maneno, ya gazeti na ya mashairi. Masikio yangu yalianza kunipunguka yapata miaka kumi sasa. Watu wengi hudhani kuwa uziwi ni kama redio iliyopunguzwa sauti, basi dawa yake ni kumpigia mwenzako kelele. Sivyo hata kidogo, na yafaa tulielewe jambo hili kabla hatujafika kwenye habari ya fedha.

Ndani kabisa ya sikio mna kitu kilichojizongomeza mfano wa konokono. Ndani ya konokono huyo mna chembe zenye vinyweleo visivyoonekana kwa jicho, kadiri ya 15,000 katika kila sikio. Hizo ndizo zipokeazo mtikisiko wa sauti na kuugeuza kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo. Zikifa, haziti tena kama ziotavyo nywele za kichwani; zimekwenda zao. Na zile zilizo karibu na mlango wa konokono, ambazo kazi yake ni kupokea sauti nyembamba, ndizo zifazo mwanzo, ikiwa ni kwa umri, kwa kelele za miaka mingi, au kwa baadhi ya dawa za hospitali.

Sasa tuitazame lugha yetu. Sauti za a, e, i, o na u ni nene na zina nguvu. Sauti za s, f, th na sh ni nyembamba tena dhaifu, na k, t na p nazo haziko mbali nazo. Kwa hivyo mtu aliyepatwa na uziwi wa namna yangu husikia kwamba mtu anasema, akamsikia vizuri sana, lakini hajui amesema nini. Na kwa kuwa silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa zile sauti nene, mizani za shairi nilikuwa nikizihesabu bila kukosea hata moja. Nane na nane, hizo hapo. Vina ndivyo vilivyonipotea. Kijana akinisomea shairi lake, sikujua kama kina cha kati ni -sa, au -fa, au -sha, au -tha. Na sisi watu wa Mombasa tuna maneno yapambanuliwayo kwa pumzi ndogo tu itokayo mdomoni: kaa la moto na kaa atambaaye pwani, paa la nyumba na paa wa mwituni. Asiye wa kwetu huyaandika sawa na huyatamka sawa. Mimi niliyezaliwa nayo nilikuwa nimekuwa sawa na mgeni.

Lililonichoma zaidi ni la msikitini. Herufi za sin, sad, tha na fa, ambazo chuoni nilifundishwa moja moja, kila moja na mahali pake pa kutokea mdomoni, zilikuwa zimekuwa herufi moja. Nasimama nyuma ya imamu, nasikia sauti yake ikipanda na kushuka, na kama si kwamba sura nazijua kwa moyo nisingaliweza kujua yupo wapi. Darsa za Ramadhani nilikuwa naketi safu ya mbele, nikaondoka na neno moja katika kumi.

Wazee walinena kuwa sikio halilali na njaa, wakimaanisha kuwa mtu hakosi habari mpya ya kusikia kila siku iendayo kwa Mungu. Langu, wallahi, lilikuwa likilala na njaa. Barazani kwenye kahawa wenzangu wakicheka nami nacheka, wakinyamaza nami nanyamaza, na aliyenigeukia kwa swali hupata jibu la swali jingine. Mtu akifika hapo huanza kujitenga. Hasemi kuwa hasikii, husema kuwa amechoka.

Lugha nayo haituhurumii. Kwetu "msikivu" ni mtu mtiifu, na "hasikii" ni mtu mkaidi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sikio la kufa halisikii dawa. Chuoni kwetu palikuwa na mtoto mmoja tuliyemwita Duko. Kila siku alichapwa kwa kuwa harudishi aya kama alivyosomewa. Mwalimu hakuwa mtu mbaya; alimwona mtoto hasikii, na neno hilo kwa Kiswahili lina maana mbili, naye alishika ile ya pili. Mtoto yule aliacha kusoma kabla hajahitimu juzuu ya kwanza. Miaka zaidi ya arubaini imepita na bado namkumbuka, tena zaidi tangu yaliponifika mimi mwenyewe.

Kupimwa

Kwa muda wa miaka saba nilikuwa nikitumia mashine moja ya sikio la kulia, niliyoletewa na mpwa wangu alipokuwa akifanya kazi Muscat. Ilinifaa kwa wakati wake. Lakini mashine hizi, watengenezaji wenyewe wasema, umri wake ni kiasi cha miaka mitano, na joto letu la Pwani, jasho na unyevu wa bahari havizipi hata huo. Mwaka jana ilianza kukatika katika, kisha ikanyamaza kabisa.

Nikaenda kwa daktari wa masikio, naye akanipeleka kwa mtaalamu wa kupima usikivu. Huingizwa mtu katika kijumba kisichopenya sauti, akavikwa vipokea sauti, akapewa kitufe cha kubonyeza kila asikiapo mlio, hata ukiwa mdogo kama wa mbu wa chumba cha pili. Matokeo huandikwa kwa mchoro. Mchoro wangu ulikuwa kama gati la feri ya Likoni: waanza sawa, kisha washuka moja kwa moja hadi majini.

"Ami," akaniambia binti yule aliyenipima, "sauti nene wazisikia karibu kama kijana. Sauti nyembamba ndizo zilizokukimbia. Na usivae moja tena, vaa mbili. Ubongo wahitaji masikio mawili ili utambue sauti yatoka upande gani, na uitenge na kelele."

Sauti hupimwa kwa desibeli. Aliye mzima husikia mlio mdogo wa desibeli 20 au chini ya hapo. Mimi kwa sauti nene nilikuwa kwenye 25, ambayo si mbaya. Kwa sauti nyembamba nilikuwa nimefika 65, na hapo hata mazungumzo ya kawaida ya watu wawili waliokaribiana humpita mtu. Mashine za kufaa uziwi huo, jozi moja, pamoja na kuzirekebisha kwa mujibu wa mchoro wangu, zilikuwa shilingi 168,000.

Jibu la bima

Sikutaharuki. Nilikuwa na bima ya matibabu ya kampuni moja, niliyoichangia kwa miaka kumi na mmoja bila kukosa. Bima hiyo ililipa ada ya daktari. Ikalipa na ada ya kupimwa. Nikapeleka karatasi ya bei ili nipewe idhini, na baada ya wiki mbili nikaletewa ujumbe mfupi kwamba ombi langu limepokewa, na kwa maelezo zaidi tafadhali nipige simu.

Ndugu msomaji, huyu ni mtu aliyepeleka cheti cha daktari kuwa hasikii. Aambiwa apige simu.

Nikaenda mwenyewe. Nikamkuta karani, kijana mwenye adabu zake, ameketi nyuma ya kioo chenye tundu dogo. Yeye asema ndani ya kioo, mimi nasoma midomo nje ya kioo, mpaka mwishowe akaona hapana budi kuniandikia kwenye karatasi. Akaniandikia kuwa mkataba haulipii "vyombo vivaliwavyo nje ya mwili". Nikamwandikia chini yake: "Na miwani hii niliyovaa, mliyonilipia mwaka juzi, nayo yavaliwa ndani ya mwili?" Akacheka. Akaandika: "Mzee, miwani imo katika jedwali."

Sina ugomvi na kijana yule. Jedwali hakulitunga yeye. Nikaandika rufani kwa wakubwa wake, nikapata jibu la mistari minne: kupungua kwa usikivu kwa sababu ya umri si maradhi ya ghafla, na mashine za masikio ni hitaji la hiari. Basi hesabu ikawa hivi: bima ililipa gharama ya kuniambia kuwa sisikii, ikakataa gharama ya kunifanya nisikie.

Tuwatendee haki, tuitazame hoja yao. Bima imejengwa juu ya jambo lisilojulikana. Watu elfu huchanga, nyumba moja huungua, na mchango wa wote humsaidia mmoja. Jambo ambalo litawafika wengi na kwa wakati unaokisika, kwa mwenye bima si hatari tena, ni deni. Masikio ya wazee ni katika hayo. Hoja hiyo ina mantiki yake. Lakini macho nayo ni vivyo hivyo: wangapi katika sisi tuliovuka miaka arubaini na tano twaweza kusoma Msahafu wa chapa ndogo bila ya miwani? Uzee wa jicho walipiwa, uzee wa sikio waitwa hiari. Tofauti haikutoka katika hesabu, imetoka katika mazoea. Miwani imekuwa kitu cha heshima tangu zamani, mtu akiivaa huonekana msomi. Mashine ya sikio mtu huificha chini ya kofia.

Si kwetu peke yetu

Wala tusidhani mambo haya ni ya Kenya tu. Marekani, nchi yenye mali kama ijulikanavyo, bima ya serikali ya wazee iitwayo Medicare iliundwa kwa sheria ya 1965, na sheria hiyo hiyo ikazitoa mashine za masikio nje ya yale yalipiwayo. Mpaka leo mpango huo wa asili hauzilipii. Kwa sababu ya ughali, mwezi wa Oktoba 2022 serikali yao iliruhusu mashine za uziwi mwepesi na wa wastani wa watu wazima ziuzwe madukani bila ya cheti. Uingereza walishika njia nyingine. Huduma yao ya afya ya taifa ilipoanza 1948, mashine za masikio zilikuwa katika vitu vya mwanzo kugawiwa watu bila malipo, na hadi leo mgonjwa hupewa kwa njia hiyo.

Nchi mbili, sikio ni lile lile la binadamu, na majedwali mawili mbalimbali. Hii yaonyesha kuwa hakuna amri iliyoteremshwa kwamba sikio lisilipiwe. Ni watu waliokaa mezani wakachagua.

Na hao wanaochaguliwa ni wengi. Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya 2021 lilieleza kuwa watu zaidi ya bilioni 1.5 ulimwenguni wana upungufu fulani wa kusikia, na milioni 430 katika hao wahitaji matibabu au vifaa. Katika wale ambao mashine zingewafaa, wanaozitumia ni 17 tu katika kila mia. Waliobaki wako barazani, wanacheka wenzao wanapocheka.

Hapa kwetu Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, imempa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vya ulemavu wake. Upo pia Mfuko wa Taifa wa Maendeleo ya Watu Wenye Ulemavu, ambao hutoa vifaa vya namna hii kwa waliosajiliwa. Asajiliwaye hupimwa kwanza hospitalini, kisha jina lake likaandikwa kwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Wazee wetu wengi hawajui kuwa uziwi wao waweza kuwaingiza katika daftari hilo, na wanaojua huona haya. Ama bima ya taifa, ile NHIF iliyoanza 1966, mahali pake pamechukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii tangu Oktoba 2024, na mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Malalamiko yangu hayaihusu hiyo. Yanahusu mkataba wa kampuni, ambao mtu autia sahihi kwa hiari yake na kwa kuamini.

Fedha za umra

Nilizilipia vipi? Mimi na mama watoto tulikuwa tumejiwekea akiba kidogo kidogo kwa miaka minne, kwa nia ya kwenda umra. Sikuthubutu kuzitaja fedha hizo. Aliyezitaja ni yeye.

"Bwana," akaniambia, tena kwa sauti ya kutosha, "utakwenda Makka ukasikie nini na masikio hayo? Makka haihami. Nunua masikio kwanza."

Basi zilizokuwa nauli ya watu wawili zimekaa nyuma ya masikio yangu, kila moja uzito wake haufiki hata wa kashata moja. Mungu akipenda tutaanza akiba upya. Lakini nasema wazi: hiari ni neno la mtu mwenye njia mbili. Mtu achaguaye baina ya kumsikia imamu na kwenda kuizuru Kaaba hakupewa hiari, amepewa mtihani.

Siku ya kwanza nilipozivaa sikupenda. Kunguru wa Mombasa, ambao nilikuwa nimewasahau, walinirudia wote kwa pamoja. Tuktuk, viatu vya kandambili, karatasi, maji ya bomba, na sauti yangu mwenyewe kama ya mtu asemaye ndani ya mtungi. Binti yule alikuwa ameniusia mapema kuwa ubongo uliozoea kimya wahitaji wiki kadhaa kujifunza tena lipi la kulisikiliza na lipi la kuliacha, na wengi huzitupa mashine katika siku hizo za mwanzo. Mimi nilistahimili. Wiki ya tatu, kwenye sala ya alfajiri, imamu alisoma, nikasikia sin ikapita, kisha sad ikapita, mbalimbali kama zilivyokuwa chuoni. Na nyumbani nikagundua kuwa wajukuu wangu, ambao sauti zao nyembamba ndizo zilizonikimbia mwanzo, husema mengi mno.

Kwa atakayezivaa, nampa niliyoyajua. Huvuliwa kabla ya udhu, maana twapaka maji masikio, na usizitie katika mfuko wa kanzu iendayo kufuliwa. Usiku zilale ndani ya kopo lenye chembe za kunyonya unyevu. Betri zile ndogo hutumia hewa: ukishaondoa kibandiko chake ngoja kama dakika moja ndipo uitie, na itakaa kiasi cha wiki. Ukifunika sikio kwa kiganja au kwa kilemba hupiga mbinja, kwa hivyo msikitini usijishike sikio. Wanawake, mtandio mzito ukisugua juu ya mashine huleta kelele; mwepesi ni bora. Na mtu asitaraji kuwa atarudishiwa masikio ya ujana. Mashine ni fimbo ya kutembelea, si mguu mpya.

Yatupasayo

Sikuandika haya ili nihurumiwe. Nina mambo matatu ya kupendekeza.

La kwanza ni kusoma. Kabla ya kuutia sahihi mkataba wa bima, tafuta orodha ya yasiyolipiwa, ambayo aghlabu iko mwisho na kwa herufi ndogo, na uulize kwa maandishi juu ya masikio. Mtu mmoja akiuliza huambiwa jedwali halibadiliki. Lakini wanachama wa chama cha akiba, au wafanyakazi wa mahali pamoja, wakichukua bima kwa jumla, wana nguvu ya kusema: tuongezeeni hili, ama twahamia kwingine.

La pili ni wakfu. Wazee wetu waliweka wakfu visima, mashamba na nyumba, na misikiti yetu mpaka leo yala matunda yake. Ni kipi kizuiacho kuweka wakfu mashine za masikio? Ile ya nyuma ya sikio, mwenyewe akifariki, yaweza kusafishwa, ikabadilishwa kile kipande cha kuingia sikioni, na ikarekebishwa kwa mchoro wa mtu mwingine. Ngapi zimelala makabatini mwa marehemu wetu, au kutupwa? Na kamati za misikiti zijue kuwa nchini Uingereza nyumba nyingi za ibada zimetandikwa waya wa kuzunguka ukumbi, ambao hupeleka sauti ya kipaza moja kwa moja ndani ya mashine zilizotengenezwa kuipokea. Kuongeza vipaza sauti juu ya vipaza sauti hakumsaidii asiyesikia, humzidishia mwangwi.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa, ni watoto. Shirika la Afya Duniani lasema kuwa karibu asilimia 60 ya uziwi wa watoto watokana na mambo yawezayo kuzuiwa: surua, homa ya uti wa mgongo, masikio yatokayo usaha yasiyotibiwa, na mengineyo. Mzazi asimimine mafuta wala kitu chochote katika sikio litokalo usaha. Ampeleke mtoto hospitalini. Na mwalimu wa chuo au wa shule, akimwona mtoto asiyegeuka aitwapo kwa nyuma, anayetazama midomo, anayeshindwa kupambanua sin na tha ingawa wenzake wameweza, asishike fimbo. Apeleke habari kwa wazazi kuwa mtoto apimwe. Mtoto akosapo kusikia katika miaka yake ya mwanzo hukosa lugha, na akikosa lugha amekosa mengi zaidi ya yale niliyokosa mimi, ambaye maneno nilikuwa nimekwisha kuyatia kifuani.

Kila mwaka tarehe 3 Machi huwa siku ya usikivu duniani. Ingekuwa vyema siku hiyo tukawapima watoto wa chuo kimoja kimoja, mtaa kwa mtaa, kuliko kufanya mkutano wa hotuba ambazo walengwa hawazisikii.

Ama kampuni yangu ya bima, mkataba wetu wafikia mwisho mwezi ujao, na nimetakiwa niutie sahihi upya. Nimewaandikia barua nikaomba neno moja liongezwe katika jedwali lao, baada ya macho na baada ya meno. Mahali pake hasa, kwa mujibu wa nilivyosomeshwa, ni kabla ya macho, lakini hilo sitalishikilia.